Kura ya maoni: Mkazi wa Lamu ana nafasi gani ya kuhojiwa?

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia, kura za maoni huzua ubishi, na wengi huuliza mbona wao hawajawahi kuhojiwa. Jibu limo katika hesabu ya uwezekano.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Kenya ilikuwa na watu 47,564,296. Nairobi ilikuwa na 4,397,073 nayo Lamu 143,920. Kura za maoni huhoji watu wazima pekee, lakini kwa mfano huu tuchukue wakazi wote.

Mtu mmoja akiteuliwa kwa nasibu kote nchini, uwezekano wa kuwa mkazi wa kaunti fulani hupatikana kwa kugawanya idadi ya wakazi wa kaunti hiyo kwa jumla ya watu wote. Kwa Nairobi ni asilimia 9.2, kwa Lamu asilimia 0.3.

Mambo hugeuka iwapo kaunti itateuliwa kwanza, kisha mtu mmoja ndani yake. Kaunti zote 47 zikipewa nafasi sawa, kila moja ina asilimia 2.1. Uwezekano huo huzidishwa kwa nafasi ya mtu mmoja miongoni mwa wakazi wa kaunti yake. Hivyo basi, mkazi wa Lamu huwa na nafasi takriban mara 30 zaidi ya mwenzake wa Nairobi.

Kasoro hiyo huondolewa kwa kuipa kila kaunti nafasi inayolingana na idadi ya watu wake, au kwa kupunguza uzito wa majibu ya waliopendelewa.

Hata hivyo, usawa huo nao una gharama. Watu 1,000 wakiteuliwa kwa nasibu nchini kote, Lamu hutarajiwa kutoa watatu tu. Uwezekano wa mtu mmoja kutotoka Lamu ni 0.997. Ukizidishwa wenyewe mara 1,000, hubaki asilimia 5 hivi. Yaani, katika kila kura 100 za aina hiyo, takriban tano hazitakuwa na mkazi hata mmoja wa Lamu.

Ndiyo maana watafiti makini hutenga mapema idadi ya watakaohojiwa katika kila eneo. Msomaji anayeambiwa kaunti yake inamuunga mkono mgombea fulani hana budi kuuliza: waliohojiwa huko walikuwa wangapi? Maoni ya watu watatu hayawezi kuisemea kaunti nzima.