Kwa nini krenki ya lori hukatika baada ya injini kuongezewa nguvu

LORI lililosheheni chumvi linapozimika ghafla kati ya Gongoni na Malindi, kisha fundi akafungua injini na kukuta krenki imekatika vipande viwili, lawama huelekezwa kwa kipuri chenyewe. Mwenye gari hudai aliuziwa bidhaa bandia, naye fundi hushikilia kwamba chuma kilikuwa kimezeeka.

Mara nyingi wote wawili huwa wamekosea. Katika injini iliyofanyiwa mageuzi, chanzo aghalabu ni mageuzi yenyewe au namna yalivyofanywa. Krenki mpya ikifungwa kabla ya chanzo hicho kujulikana, nayo itakatika, na gharama italipwa mara ya pili.

Krenki ni mhimili wa chuma wenye viwiko, ulioko sehemu ya chini ya injini. Kazi yake ni kugeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka uwe mzunguko unaoendesha magurudumu kupitia klachi na giaboksi. Shingo zake huzunguka ndani ya beringi, zikitenganishwa nazo na utando mwembamba wa mafuta.

Injini ya dizeli ya mapigo manne inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,000 kwa dakika, yaani mara 60,000 kwa saa. Kila mwako huipinda krenki kidogo na kuisokota kidogo. Watengenezaji huipa unene wa kuhimili hali hiyo kwa miaka mingi, mradi nguvu isizidi ile waliyoikusudia.

Chuma nacho huchoka

Mnamo Mei 8, 1842, ekseli ya kichwa cha garimoshi ilivunjika karibu na Versailles, Ufaransa, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Miongo iliyofuata, mhandisi Mjerumani August Wöhler alifanya majaribio ya ekseli na kuthibitisha kwamba chuma kinaweza kuvunjwa na mzigo mdogo kuliko uwezo wake, iwapo mzigo huo utarudiwa mara nyingi mno.

Ndivyo krenki nyingi zinavyokatika. Ufa huanza mahali padogo, kwa mfano kwenye kona ya shingo, ukingo wa tundu la mafuta au kishimo cha kutu. Hukua polepole hadi chuma kilichosalia kishindwe kubeba mzigo. Dereva husikia kishindo siku moja, ilhali uharibifu ulianza zamani.

Nguvu za ziada

Malori ya Kaunti ya Kilifi hubeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni, mawe kutoka Jaribuni na mchanga wa ujenzi. Biashara hiyo humshawishi mwenye gari kutaka nguvu zaidi. Fundi hufungua pampu ili dizeli iingie kwa wingi, huongeza turbo kwenye injini ambayo haikuundwa nayo, au huwahisha wakati wa kunyunyizwa kwa dizeli.

Hatua zote tatu hupandisha mgandamizo ndani ya silinda. Kuwahisha dizeli ni hatari zaidi kwa sababu mgandamizo hufika kilele wakati pistoni bado inapanda au ndiyo kwanza imefika juu. Injini zilizoundwa na turbo tangu kiwandani kwa kawaida huwa na pistoni, beringi na mfumo wa mafuta ulioimarishwa, na wakati mwingine krenki tofauti kabisa. Kufunga turbo peke yake ni kuongeza mzigo bila kuongeza mbebaji.

Hali huwa mbaya zaidi dereva anapokanyaga mafuta mpaka mwisho akiwa katika gia kubwa, lori likipanda mlima polepole. Aidha, akiteremka kwa gia ndogo kupita kiasi, magurudumu huisukuma injini izunguke kuliko kikomo chake, na gavana ya pampu haiwezi kuzuia hilo.

Puli inayodharauliwa

Krenki pia hutetema kwa kujisokota. Mapigo ya silinda yakiwiana na mtetemo wake wa asili, msokoto huongezeka kama bembea inayosukumwa kwa wakati ufaao. Ili kuuzuia, injini nyingi zina kizuia mtetemo upande wa mbele, kinachofanana na puli ya kawaida lakini kikiwa na mpira au mafuta mazito ndani yake.

Mpira huo hukauka na kupasuka kwa joto na umri. Baadhi ya mafundi hukibadilisha kifaa hicho kwa puli ya chuma kitupu, wakidhani kazi yake ni kuzungusha mkanda tu. Kufunga flaiwili ya injini nyingine nako hubadilisha mtetemo, na kama haina mizani, huichosha krenki zaidi.

Kusaga, mafuta na maji

Shingo zilizokwaruzika husagwa kwa vipimo kama milimita 0.25 au 0.50, kisha beringi nene zaidi hufungwa. Kona za shingo zinapaswa kubaki na mviringo. Zikiachwa kali, ufa hupata pa kuanzia. Jiwe la kusagia likiunguza chuma, nyufa ndogo hujitokeza. Isitoshe, baadhi ya krenki zina tabaka gumu la juu lisilofika milimita moja, na likiondolewa bila kurejeshwa, uimara hupungua.

Mafuta machafu, kidogo au mepesi kupita kiasi huharibu beringi, na krenki ikakosa kushikiliwa sawasawa. Katika pwani hii, kujaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi huleta kutu, na maji hayo yakivuja hadi kwenye mafuta huleta madhara hayo hayo.

Kuna pia mafuriko, kama yale ya Novemba 2023 yaliyokata barabara ya Mombasa-Malindi katika daraja la Mbogolo. Injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa, pistoni hukutana na kitu kisichogandamizika. Konrodi hupinda, na krenki inaweza kupata ufa utakaojidhihirisha baadaye.

Vipande visitupwe

Ushahidi umo katika uso wa mahali palipokatika. Sehemu laini yenye mistari, mfano wa alama ziachwazo na maji mchangani bahari inapokupwa, ni dalili ya uchovu wa chuma. Sehemu yenye chembechembe ndiyo iliyovunjika mwisho. Ufa wa mshazari huashiria msokoto, hivyo kizuia mtetemo kichunguzwe kwanza. Ufa unaokata kiwiko kutoka kwenye kona huashiria kupinda, na beringi kuu pamoja na ulingano wa vishikilio vyake vikaguliwe. Shingo iliyogeuka rangi ya samawati au nyeusi hudokeza ukosefu wa mafuta.

Kwa hivyo, kabla ya kununua krenki nyingine, mwenye lori anafaa kudai aonyeshwe vipande hivyo na aelezwe vinasema nini. Fundi asiyeweza kueleza kwa nini ya kwanza ilikatika hana msingi wa kuahidi kwamba ya pili itadumu.