Sandarusi: Utomvu wa Mrima Uliong'arisha Magari ya Ulaya na Marekani

Historia ya biashara ya Zanzibar na Mrima, yaani pwani ya bara inayokikabili kisiwa hicho, katika karne ya 19 imezoeleka kusimuliwa kwa kutaja pembe za ndovu, karafuu na watumwa, ilhali bidhaa ya nne, iliyosafiri katika majahazi na merikebu zilezile na kuandikwa katika daftari za wafanyabiashara walewale, imebaki pembezoni mwa masimulizi hayo. Bidhaa hiyo ni sandarusi, yaani utomvu uliokauka wa mti uitwao mtandarusi, ambao wataalamu wa mimea huujua kwa jina la Hymenaea verrucosa, na ambao humea katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki na pia katika kisiwa cha Madagascar. Kabla viwanda vya kemikali havijaweza kutengeneza mbadala wake, sandarusi ya Zanzibar ndiyo iliyosifiwa na watengenezaji wa vanishi, yaani rangi isiyo na rangi inayopakwa juu ya mbao ili zing'ae na zisidhuriwe na maji, kuwa ngumu kuliko zote zilizopatikana sokoni.

Matumizi ya utomvu huo hayakuanza na wageni wa karne ya 19. Uchunguzi wa kikemia uliochapishwa mwaka 2015, kuhusu mabaki yaliyofukuliwa katika mji wa kale wa Unguja Ukuu, ulionyesha kwamba wakazi wake walikuwa wakiifukiza sandarusi kama ubani tangu karne ya 7 au ya 8. Jipya katika karne ya 19 lilikuwa ukubwa wa mahitaji, kwa kuwa miji ya Ulaya na Marekani ilijaa magari ya farasi, samani za sebuleni na baadaye mabehewa ya reli, na vitu hivyo vyote vilihitaji kupakwa vanishi itakayostahimili mvua, jua na msuguano.

Wachimbaji na wanunuzi walitofautisha aina mbili za sandarusi. Aina ya kwanza iliitwa chakazi, nayo ni utomvu mbichi uliotolewa mtini au kuokotwa chini ya mti ulio hai, laini na wa bei ndogo, ambao kwa kawaida ulipelekwa India na China kutengenezea vanishi hafifu. Wafanyabiashara wa kigeni walilitamka neno hilo vibaya mpaka likafanana na neno la Kiingereza lenye maana ya punda dume, wakaiita bidhaa hiyo kwa jina hilo. Aina ya pili, iliyohesabiwa kuwa ndiyo sandarusi ya kweli, ilichimbwa ardhini, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka, baada ya kulala mchangani kwa mamia ya miaka au zaidi na kupata ugumu ambao utomvu mbichi hauna. Kipande chake kilipoondolewa ganda la udongo kilionekana kimejaa vipele vidogo vilivyosongamana, mfano wa ngozi ya bata aliyenyonyolewa manyoya, na ndani yake, kwenye rangi ya asali au ya machungwa, mara nyingine walionekana chungu, nyuki, buibui na vipande vya majani, vilivyonaswa utomvu ulipokuwa bado unatiririka.

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walijiuliza utomvu huo wa ardhini ulitoka katika mti gani. Jibu lilitolewa na John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Zanzibar mwaka 1866 na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza kisiwani humo, alipoonyesha kwamba mabaki ya mimea yaliyohifadhiwa ndani ya sandarusi yalilingana na mtandarusi uliokuwa bado unamea pwani. Hata hivyo, jambo lililokuwa fumbo kwa wataalamu lilikuwa maarifa ya kawaida kwa wenyeji, ambao walijua ni ardhi ipi ina sandarusi na ni ipi haina.

Maelezo ya uchimbaji yanayojulikana zaidi ni ya Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyeanza safari yake ya bara kutoka pwani ya Mrima mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860. Kwa mujibu wa maelezo hayo, mchimbaji alitoboa shimo jembamba, lenye upana wa inchi sita hivi, kwa mti uliochongwa ncha, kisha akapenyeza mkono na kuuchota udongo mwekundu uliolegea mpaka pale mkono wake ulipokoma, ndipo akahamia mahali pengine. Burton aliuona uchimbaji huo kuwa wa uvivu na wa kupoteza mali, lakini shutuma zake zinaeleza zaidi tamaa ya soko kuliko tabia ya wachimbaji. Wazaramo na majirani zao walikuwa wakulima waliochimba kwa wakati walioutaka, katika ardhi waliyoihesabu kuwa yao, na mtu anayechimba ili apate nguo na mahitaji machache ya nyumbani hakuwa na sababu ya kuliacha shamba lake ili kuridhisha viwanda vya ng'ambo.

Kutoka vijijini sandarusi ilibebwa hadi miji ya Mrima, kama vile Bagamoyo, Mbwamaji na Kilwa, ambako ilinunuliwa kwa frasila, kipimo cha ratili 35 hivi au karibu kilo 16, na wafanyabiashara waliokuwa wengi wao Wahindi, kabla ya kuvushwa hadi Unguja. Thamani yake machoni pa watawala inaonekana katika mkataba wa mwaka 1839 kati ya Uingereza na Sultani Sayyid Said, ambao uliwafungulia Waingereza milango ya biashara lakini ukabakiza pembe na sandarusi za pwani ya Mrima, mpaka Kilwa, chini ya ukiritimba wa Sultani, yaani haki ya peke yake ya kuzifanyia biashara. Burton alikadiria kwamba Zanzibar ilisafirisha kati ya ratili 800,000 na 1,200,000 kwa mwaka.

Wanunuzi wakubwa wa miaka hiyo walikuwa Wamarekani wa mji mdogo wa bandari uitwao Salem, katika jimbo la Massachusetts. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Salem, alifika Zanzibar mwaka 1837 na kushirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, aliyekuwa amekodishwa forodha ya Sultani. Merikebu za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho mpaka leo jina lake la merikani linakumbusha kilikotoka, na zikaondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Ufukweni mwa Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple ambamo sandarusi ilirowekwa katika maji ya magadi ili ganda lake lilainike, ikakwanguliwa na kuchambuliwa kwa ukubwa na rangi. Ushuru uliowekwa na serikali ya Marekani mwaka 1861 kwa sandarusi ambayo haijasafishwa uliiondolea kazi hiyo faida, na usafishaji ukahamia Zanzibar.

Hatua ya mwisho, ya kuigeuza sandarusi kuwa vanishi, ilikuwa ya hatari, kwa kuwa sandarusi ngumu haichanganyiki na mafuta mpaka iyeyushwe kwa moto mkali, unaozidi nyuzi 300 za selsiasi, huku ikitoa moshi unaoweza kushika moto. Ilipoyeyuka ilitiwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, na mchanganyiko ulipopoa kidogo ulizimuliwa kwa tapentaini ili uweze kupakwa kwa brashi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya sandarusi iliyofika Uingereza ilipitia Bombay, wauzaji waliiuza kana kwamba ni mali ya India, na hivyo hata jina la ardhi ilikotoka likapotea kabla haijamfikia fundi wa magari.

Biashara hiyo ilidhoofika hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1870 mpira wa porini ulianza kuwavutia watu wa pwani ya kusini, utomvu wa mti wa kauri wa New Zealand ukashindana sokoni, na mwanzoni mwa karne ya 20 Kongo nayo ikatoa utomvu mwingi wa aina hiyo, mpaka utomvu uliotengenezwa viwandani ulipoyamaliza kabisa mahitaji ya zamani. Wachimbaji hawakujengewa mnara wala majina yao hayakuandikwa katika daftari zilizoandika kwa uangalifu kila frasila waliyoichimba.

Ni haki, basi, kwamba vitabu vya shule na makumbusho ya Bagamoyo, Kilwa na Zanzibar vinapoeleza karne ya 19 viiweke sandarusi kando ya pembe na karafuu, na vimtaje pamoja nayo mkulima wa Uzaramo aliyeichimba, kwa sababu kila gari la farasi lililong'aa kwa vanishi hiyo katika mitaa ya Boston au London lilianzia katika shimo lenye kina cha mkono wake.