Deni la Walutheri kwa Unguja



Kila mwaka ifikapo tarehe 31 Oktoba, au Jumapili iliyo karibu nayo, sharika za Kilutheri huadhimisha Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa. Hukumbuka hoja 95 za Dakta Martin Luther, zilizotolewa Wittenberg katika mwaka 1517. Leo tungependa kuitazama sikukuu hiyo tukiwa tumesimama Unguja, kisiwa ambacho Walutheri ni wachache sana, kisha tujiulize: Je, imani hii ilipitia wapi hata ikatufikia sisi? Na sisi tuna deni gani kwa wale waliotufungulia mlango?

Usharika wa Kilutheri wa Unguja umo katika Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Waumini wake wengi wana asili ya Bara: watumishi wa serikali, walimu, askari, wafanyabiashara na watu wa mahotelini. Asubuhi ya Jumapili, baada ya adhana ya alfajiri kupita juu ya paa za mji, nao huenda ibadani. Huungama dhambi na kutangaziwa msamaha. Husikiliza masomo na kukiri Imani ya Mitume. Huimba kutoka kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu. Husikia mahubiri, hutoa sadaka, hushiriki Chakula cha Bwana, na huenda zao na Baraka. Watoto wao hujifunza Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Luther katika mwaka 1529, hadi siku ya kipaimara.

Kiini cha ibada hiyo yote ni fundisho lililo katika kifungu cha nne cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo asili yake ni Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi: ya kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa neema tu, kwa njia ya imani, kwa ajili ya Kristo. Tunawasihi wakatekista wayashike maneno haya matatu: haki, neema na imani. Tutayarudia.

Historia yatuambia kwamba Walutheri walipita Unguja kwa milango miwili, na milango hiyo haikufanana.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwezi Januari 1844. Johann Ludwig Krapf, aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri la Württemberg na kutumwa na chama cha misheni cha Waanglikana cha CMS, alifika Unguja pamoja na mkewe Rosine. Hakuja na manowari. Alikwenda kwa Sayyid Said bin Sultan, naye Sayyid akampokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Kwa barua ya mtawala Mwislamu, Krapf akaenda kukaa Mombasa. Mwezi Julai wa mwaka huohuo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki, akawazika huko. Hata hivyo hakuiacha kazi. Tangu mwezi Juni alikuwa amekwisha kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na katika kazi hiyo alisaidiwa na kadhi mmoja wa mji. Tazameni jambo hili, ndugu zetu: kurasa za kwanza za Maandiko Matakatifu katika lugha yetu zilipitia mikononi mwa mwalimu wa dini nyingine.

Mlango wa pili ulifunguliwa kwa namna nyingine. Katika mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja, mizinga ikielekea jumba la Sayyid Barghash, ili akubali ulinzi wa Wajerumani juu ya nchi za Bara alizodai kuwa zake. Mwaka uliofuata, 1886, ilianzishwa Berlin misheni ya Kiinjili kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na miongoni mwa walioianzisha alikuwamo Carl Peters, yule mtafuta makoloni. Mmisionari wake wa kwanza, Johann Jakob Greiner, alipitia Unguja, akaanza kazi Dar es Salaam katika mwaka 1887. Muda si muda vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889 vikawaka pwani, na wamisionari wakahesabiwa pamoja na wale waliokuja kuitwaa nchi. Kisha kwa mapatano ya mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Kazi ya Walutheri ikaelekea Bara; Visiwani wakabaki hasa Waanglikana na Wakatoliki.

Hatuyasemi haya ili kuwahukumu marehemu. Greiner na wenzake walihubiri Injili, na matunda ya kazi yao tunayaona Uzaramo hata leo. Lakini hatuna budi kusema kweli: Injili ikija nyuma ya mzinga, msikilizaji husikia mzinga kwanza. Ikija na barua ya mwenyeji, husikika kama neno la mgeni anayestahili kukaribishwa.

Turudi sasa kwenye yale maneno matatu. Luther, alipoulizwa juu ya tafsiri yake ya Biblia, alifundisha kwamba mfasiri sharti amsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Unguja kazi hiyo ya kusikiliza ilifanywa na Mwanglikana, Edward Steere, aliyefika mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Alijifunza Kiunguja kwa wenyewe, akatafsiri na kuchapisha. Kiunguja hicho ndicho baadaye kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Biblia ya mwaka 1952, inayosomwa katika sharika zetu nyingi, iliandaliwa kwa kuziunganisha kazi za Unguja na za Mombasa.

Basi, haki, neema na imani ni maneno ya asili ya Kiarabu, yaliyokaa vinywani mwa Waswahili Waislamu karne nyingi kabla ya mmisionari kufika. Vivyo hivyo toba, rehema, dhambi, ibada, sadaka na hata Injili. Alikuwapo Mlutheri msomi, Karl Roehl, aliyeona kwamba maneno ya Kiarabu yalikuwa mengi mno, akatoa Biblia yake mwaka 1937 akiyapunguza na kutumia zaidi maneno ya asili ya Kibantu, ili watu wa Bara waielewe. Nia yake ilikuwa njema na wengi waliipenda kazi yake. Lakini Kanisa halikuyaacha yale maneno ya pwani. Leo Mlutheri akitaka kulitamka fundisho ambalo kwalo Kanisa lake husimama au kuanguka, hana budi kulitamka kwa maneno aliyoazimwa na jirani yake Mwislamu.

Maneno hayo, hapana shaka, kwetu yamejazwa maana mpya. Tukisema neema, twamtaja Kristo msulubiwa. Na hapo jirani yetu hakubaliani nasi. Tofauti hiyo hatuifichi wala hatuipunguzi. Lakini mdaiwa hamtukani aliyemkopesha, na mgeni hamdharau mwenyeji aliyemfundisha kusema.

Twayasema haya tukikumbuka siku za majonzi. Mwezi Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali. Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akienda kuadhimisha Misa. Mmoja Sheikh, mmoja Padre. Chuki haikuuliza dini ya mtu. Baada ya mambo ya namna hiyo, waumini wachache hujaribiwa kujifungia, kuhesabu makosa ya jirani na kuamini kila uvumi unaomhusu.

Hapo ndipo katekisimo ile ya watoto inapowapima watu wazima. Katika kuifafanua amri ya nane, inayokataza ushahidi wa uongo, Luther hakuishia kukataza. Alifundisha kwamba tunapaswa kumtetea jirani, kumsema vyema na kuyatafsiri mambo yake yote kwa wema. Mwalimu wa kipaimara anayeifundisha amri hiyo Unguja anajua jirani anayesemwa ni nani: ni yule mwenye duka Darajani, ni mvuvi wa Malindi, ni mama wa nyumba ya pili anayeleta sahani ya futari mwezi wa Ramadhani. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliokaa ugenini kwamba wautakie amani mji wanamokaa na kuuombea kwa Bwana. Agizo hilo lamfaa kila Mkristo akaaye kati ya walio wengi kuliko yeye, na kila aliye wa wengi, kule Bara, atazame jinsi anavyomtendea aliye mchache.

Tuombe. Ee Mungu mwenye rehema, uliyetupa Neno lako kwa lugha ya pwani hii, ulibariki kundi lako dogo la Unguja na majirani zake wote. Utufundishe kuikiri imani pasipo woga na kumheshimu jirani pasipo unafiki. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.