Mgonjwa Aliyegeuka Mganga

Maradhi ya ghafula huua au huondoka. Maradhi ya kudumu hujenga nyumba. Mtu aliyeshikwa na homa hulala siku chache, akafa au akapona, na jirani zake wakajua la kusema. Lakini aumwaye mwaka hata mwaka, leo kifua, kesho mgongo, kesho kutwa usingizi umempotea, huwachosha wauguzi wake kabla ya kuchoka mwenyewe. Hapo huzuka swali ambalo mizizi na vidonge haviwezi kulijibu: kwa nini mimi? Historia ya uganga katika Shinyanga na Geita ni, kwa sehemu kubwa, historia ya majibu ya swali hilo. Majibu yalikuwa mawili. Moja lilimtafutia mgonjwa adui. La pili lilimtafutia wenzi.

Jibu la pili lilikuwa na chama chake, nacho kiliitwa Buswezi. Asili yake ilikuwa nchi za Maziwa Makuu, ambako Wachwezi husimuliwa kuwa watawala wa kale wa Kitara waliotoweka, wakabaki wakiheshimiwa kama pepo. Kutoka huko ibada yao ilishuka mpaka Unyamwezi na Usukuma, na jina la Lyangombe, mkuu wa pepo hao, lilifuatana nayo. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, aliandika habari za chama hicho katika makala iliyochapwa mwaka 1955. Aghalabu aliyeingia hakuingia kwa kupenda. Aliugua muda mrefu, au misiba ilifuatana nyumbani mwake. Mfumu akapiga ramli, akaona kwamba mmoja wa masamva, yaani mizimu ya wazee wake, alikuwa Mswezi naye alitaka kukumbukwa. Kwa ramli hiyo hapakuwa na jirani wa kulaumiwa. Aliyemshika mgonjwa alikuwa wa ukoo wake mwenyewe, na deni la ukoo hulipika.

Namna ya kulilipa ilihitaji siku na watu wengi. Mgeni alitengwa, akafundishwa na wakubwa wa chama, akapewa jina jipya na maneno ya siri ambayo Waswezi waliyatumia baina yao. Manyanga yalitikiswa na ngoma zikapigwa mpaka mwili ukaacha kujitawala, na pepo akaaminiwa kuwa amepanda. Alipotoka, mtu yule alikuwa na ndugu wasio wa damu, waliokwisha kupita njia ile ile. Na aliyedumu katika chama aliweza naye kuwapokea wagonjwa wengine. Ugonjwa uliokuwa aibu yake ukawa hati ya kazi yake.

Desturi ya namna hii haikuwa ya Usukuma peke yake. Nchini China, mwaka 1947, Liu Guizhen, mtumishi wa Chama cha Kikomunisti katika jimbo la Hebei, alirudi kwao akiwa amedhoofika kwa vidonda vya tumbo na maradhi mengine. Huko alifundishwa mazoezi ya zamani: kukaa kimya, kuvuta na kutoa pumzi kwa utaratibu, na kurudia maneno machache moyoni. Alipopata nafuu, wakubwa wake walimpa kazi ya kuwafundisha wagonjwa wengine. Mwaka 1949 mazoezi hayo yalianza kuitwa qigong, jina ambalo laweza kufasiriwa kuwa kazi ya pumzi, na mwaka 1957 kitabu chake juu ya tiba hiyo kilitoka. Ibada za kale zilizoyazunguka ziliondolewa ili yapate kuingia hospitalini. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ile ile iliyoyalea iliyapiga vita. Katika miaka ya 1980 yalirudi, yakaenea kwa mamilioni ya watu.

Kwa sura, njia hizi mbili ni kama maji na moto. Mchina alitafuta utulivu. Mswezi alitafuta mtikisiko. Walakini kila moja ilimwambia mgonjwa mambo yaliyofanana: kwamba kupona kwake kutachukua muda, kwamba mwili wake una sehemu katika kazi hiyo, na kwamba mwalimu wake aliwahi kuugua.

Jibu la kwanza, lile la kutafuta adui, halikutaka muda mrefu hivyo. Kuku alichinjwa, matumbo yakasomwa, na jina likatajwa au kudokezwa. Mara nyingi jina hilo lilikuwa la mwanamke mzee mwenye macho mekundu, na macho hayo yalitokana na moshi wa jikoni, kwa kuwa nchi ya Shinyanga ilikwatuliwa miti ili kuwaondoa mbung'o na kupanda pamba, na watu wakapikia samadi kavu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, na wanawake walikuwa 2,286. Zaidi ya nusu ya waliouawa walikuwa wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga, Geita wakati huo ikiwa sehemu ya Mwanza. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliwaadhibu wenye kuwataja watu kuwa wachawi. Mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli wasio na kibali, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Amri hizo zilikuwa za haki. Lakini sheria huweza kumfunga mpiga ramli, isiweze kumjibu mgonjwa aliyemwendea.

Elimu nayo ilichukua nusu ya urithi. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na kazi yake kubwa ilikuwa juu ya mimea. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, jani hukaushwa na kupimwa. Udugu wa waliougua pamoja haukai katika chupa. China ilitupa ibada ikashika zoezi; hapa lilishikwa jani, na zoezi pamoja na wenzi wake vikaachwa pembeni.

Insafu yadai mipaka ya tiba hizi itajwe. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, wachanga na watu wazima huvuta vumbi la mawe yanayopasuliwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vumbi la silika chini ya ardhi lilizidi kipimo kinachoshauriwa zaidi ya mara 200. Vumbi hilo hulitia pafu makovu na kulifungulia mlango kifua kikuu. Kovu hilo haliondolewi na ngoma ya Waswezi wala na pumzi ya Liu Guizhen, na kifua kikuu hutaka dawa za hospitali mpaka siku ya mwisho ya dozi. Mazoezi ya kupumua na ya viungo yaweza kumpunguzia mwenye pafu bovu taabu ya kupanda kilima, hayarudishi kilicholiwa. Kinga ni kulowesha jiwe kabla ya kulivunja, na kuzuia vumbi lisimfikie mchimbaji.

Basi Buswezi hausifiwi kwa kuwa ulimponya kila aliyeuingia. Heshima yake ni ndogo kuliko hiyo, na ni ya hakika zaidi: ulimpa mtu asiyepona upesi mahali pa kukaa na kazi ya kufanya, wala haukumdai damu ya jirani. Mchimbaji wa Geita akoholeaye usiku, na ajuza wa Shinyanga akaaye peke yake karibu na moshi wa jiko, hawajuani. Hata hivyo usalama wa huyu hutegemea jibu atakalopewa yule.