Nani Aliyetafutwa? Waliokwama katika Nyika ya Voi na Taveta, 1914–1916

Historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Taita Taveta kwa kawaida hufuata reli. Wajerumani waliitwaa Taveta Agosti 1914, wakawa wanatuma doria ndogo kuvuka nyika ili kulipua reli ya Uganda. Waingereza nao wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi, ikafika Maktau katikati ya 1915. Masimulizi hayo ni sahihi, ila huwasahau walioachwa njiani: aliyevunjika mguu, aliyeishiwa maji, aliyepotezana na kikosi chake. Makala haya yanadai kwamba katika uwanja huu ujasiri wa mtu na uzito wa jeraha lake havikutosha kumwokoa. La kwanza lilikuwa kama yupo mwenye mamlaka aliyemjua kwa jina na kuona anastahili kutafutwa.

Nyika yenyewe haikuwa na huruma. Kati ya Voi na Taveta ni zaidi ya kilomita 100, na wakati wa kiangazi maji ni ya kutafuta milimani na kwenye mito michache. Waingereza walilazimika kutandaza bomba kutoka Bura ili kambi ya Maktau ipate maji ya kunywa. Doria za Wajerumani zilibeba yao. Katika kumbukumbu alizochapisha 1920, kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, anakiri kwamba aliyejeruhiwa karibu na reli mara nyingi hakuweza kurudishwa, kwa sababu kumbeba mtu mahututi nyika nzima kulikuwa kazi ya kupita kiasi. Anawataja askari Waafrika ambao, wakijua simba wapo na tumaini halipo, hawakulalamika walipoachwa porini, bali waliwakabidhi wenzao bunduki na risasi.

Ushahidi huu haufai kupokewa hivi hivi. Aliyeachwa hakuandika neno. Aliyeandika ni kamanda mwenye kila sababu ya kuonyesha kwamba askari wake walimtii mpaka mwisho. Huenda kukabidhi bunduki kulitokana na mapenzi kwa wenzake. Huenda pia kulikuwa kutii desturi ya jeshi lililofungiwa njia ya bahari, ambalo silaha ikipotea lilishindwa kupata nyingine kwa urahisi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatuambiwi jina la hata mmoja wao.

Tumlinganishe askari huyo asiye na jina na Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia aliyetumikia kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alipigwa risasi mguuni. Alikuwa tayari anabebwa kuondolewa alipoona kwamba majeruhi mahututi hawawezi kuchukuliwa. Akasisitiza aachwe pamoja nao, akitumaini kuwanusuru. Aliuawa. Alitunukiwa Victoria Cross baada ya kifo, na kaburi lake liko Voi. Heshima hiyo ni haki yake kamili. Lakini askari wa doria ya Wajerumani naye, kwa masimulizi ya kamanda wake, alikubali kubaki ili wengine wapone, na hakuna ajuaye mifupa yake ilipo.

Usiku wa kuamkia 12 Machi 1916, Waingereza waliposhambulia vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, suala hili lilichukua sura nyingine. Luteni Kanali Freeth wa Afrika Kusini alipanda Latema hadi akabaki na watu 18, kisha wakaungana naye Warodesia na askari wachache wa Keya (King's African Rifles) waliokuwa wameng'ang'ania kileleni tangu jioni. Meja Thompson alijichimbia upande wa Reata na watu 170. Mnamo saa kumi na nusu alfajiri Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, asiyejua hali yao, aliamuru vikosi vyake virudi nyuma. Ndipo doria zilizotumwa kuwatafuta zikawakuta wameshika vilima, adui akikimbia. Ripoti ya Smuts inawataja Freeth na Thompson kwa majina. Askari wa Keya waliokesha mahali pale pale wametajwa kwa jina la kikosi tu.

Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hawakupata hata hilo. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa upande wa Uingereza walikaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakuwekewa kumbukumbu sawa na wenzao Wazungu. Ungamo hilo lina uzito, lakini haliwezi kuzalisha orodha ambayo haikuandikwa.

Tena waliokwama hawakuwa wanajeshi pekee. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa mlima Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa kwa maradhi. Vita vilikwisha 1918, na hakuna doria iliyotumwa kuwarudisha. Walionusurika walisubiri hadi miaka ya 1930 ndipo wakaruhusiwa kurudi kwenye mlima wao.