Languedoc: mzabibu ulipona, mkulima akabaki na deni

Ndugu na dada wenye diploma, na nyinyi wadogo wetu mungali chuoni, sisi ma-agronome tuko na tabia moja. Mtu akitaja kilimo, tunafikiria mara moja mbegu, ugonjwa wa mmea na mavuno kwa hekta. Ni sawa, ndivyo tulifundishwa. Lakini kuko historia ya Ufaransa kusini, katika eneo la Languedoc, inayoonyesha kwamba mmea unaweza kupona kabisa na mwenye shamba akaanguka. Naileta hapa juu inatuhusu sisi wa Kivu kuliko tunavyofikiri.

Miaka ya 1860 mizabibu ya kule ilianza kukauka bila mtu kujua sababu. Mwaka 1868 profesa mmoja wa Montpellier, Jules-Émile Planchon, na wenzake walichimba mizizi ya mizabibu iliyokuwa bado na majani mabichi, siyo ile iliyokwisha kufa. Hapo waliona kadudu kadogo ka rangi ya njano kananyonya mizizi. Kadudu hako, filoksera, kalitoka Marekani, na kanahama mmea ukishakufa. Ndiyo maana waliochimba penye mizabibu mikavu hawakuona kitu.

Mwaka 1874 serikali ilitangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa mtu atakayeleta dawa. Watu walijaribu mengi: kufurika mashamba kwa maji, kupiga dawa kali ndani ya udongo. Jibu lililodumu lilikuwa kupandikiza: chini mizizi ya mzabibu wa Marekani, ambayo inavumilia kadudu, juu tawi la mzabibu wa Ulaya. Zawadi haikulipwa hata siku moja, lakini njia hiyo ndiyo inatumika mpaka leo. Kwa sisi wa agronomi, ni ushindi mkubwa wa elimu yetu.

Sasa tuangalie nini kilifuata. Kupanda upya kuliomba pesa nyingi, na wadogo wengi walikopa. Waliokuwa na mtaji walishuka kwenye tambarare na kupanda aina inayoitwa Aramon, ambayo inaweza kutoa zaidi ya hektolita 100 kwa hekta. Divai yake ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwa nyingi. Wakati huohuo divai ya Algeria, koloni la Ufaransa, ilikuwa inaingia kwa meli bila kikwazo. Na kuko wafanyabiashara walikuwa wanaongeza maji na sukari ndani ya divai ili wapate wingi. Mwaka 1903 sheria ilipunguza hata ushuru wa sukari. Bei ikaporomoka mpaka chini ya faranga 10 kwa hektolita, na kuna mwaka divai ilibaki ndani ya mapipa bila mununuzi. Mwenye shamba alikuwa na mavuno mazuri na deni lisilolipika, na kibarua wake hakuwa na kazi.

Tarehe 11 Machi 1907, wakulima 87 wa kijiji cha Argeliers walitembea mpaka Narbonne kuonana na tume ya bunge. Kiongozi wao, Marcelin Albert, alikuwa mkulima mdogo mwenye mkahawa. Waliitwa wenda wazimu. Lakini kila siku ya Mungu watu waliongezeka, mji kwa mji: Béziers, Perpignan, Carcassonne, Nîmes. Tarehe 9 Juni, Montpellier ilipokea zaidi ya watu laki tano. Tajiri na kibarua, wa kanisa na wa siasa ya kushoto, wote walisimama pamoja. Meya wa Narbonne, Ernest Ferroul, alijiuzulu, na ma-meya wengi wakamfuata. Watu wakaacha kulipa kodi.

Clemenceau, aliyekuwa mkuu wa serikali, alituma jeshi. Ferroul alikamatwa, na tarehe 19 na 20 Juni risasi za Narbonne ziliua watu 6. Askari wa kikosi cha 17, wengi wao watoto wa wakulima haohao, waliposikia habari hiyo waliasi, karibu 500, wakatembea usiku mpaka Béziers. Walijisalimisha, nyuma wakapelekwa Gafsa, Tunisia. Marcelin Albert alienda Paris kumwona Clemenceau, ambaye alimpa faranga 100 za tiketi ya kurudi na kuwaambia waandishi wa habari. Kwa hiyo pesa kidogo, kiongozi alivunjiwa heshima mbele ya watu wake.

Lakini mapambano hayakuishia kwa mtu mmoja. Tarehe 29 Juni 1907 sheria ilipita: kila mkulima aandikishe mavuno yake kila mwaka, na sukari ya kutengenezea divai itozwe ushuru wa ziada. Ukijua mavuno yametoa kiasi gani, unajua pia kama divai inayouzwa imezidi zabibu zilizovunwa. Mwaka huohuo amri ya serikali ilisema divai ni kitu kinachotoka kwa zabibu mbichi au maji yake tu. Na mwezi wa Septemba wakulima waliunda shirikisho lao, Ferroul akiwa rais, lenye watu wake wa kufuatilia udanganyifu sokoni.

Mbele hata ya hapo, mwaka 1901, wakulima wadogo wa kijiji cha Maraussan walikuwa wameanza koperative, Les Vignerons Libres. Waliuza divai moja kwa moja kwa makoperative ya walaji kule Paris, na mwaka 1905 walijenga ghala lao. Kijana asiye na mapipa wala mashine alipata pa kupeleka zabibu zake.

Bado swali la vijana lilibaki: udongo nani ataupata? Nyuma ya vita ya pili, vijana wakulima wa Ufaransa walijipanga. Mwaka 1957 chama chao cha taifa kiliimarika, na sheria za 1960 na 1962 zilisikia sauti yao: shirika la kununua ardhi inayouzwa ili wakulima waipate, pensheni kwa mzee anayeachia shamba, na uwezekano wa kulima kwa kikundi. Kuanzia 1973 kijana anayeanza alipewa pesa ya kuanzia, kwanza kwenye milima. Haikumaliza matatizo. Mwaka 1976, kule Montredon, maandamano ya wakulima wa zabibu yaliua watu wawili, mkulima mmoja na afisa mmoja wa polisi. Na miaka iliyofuata mizabibu mingi iling'olewa kwa kulipwa.

Turudi kwetu. Tuko na mnyauko wa migomba, tuko na mozaiki ya mihogo, na tunajua kazi ya kufanya. Lakini kahawa ya Kivu imevuka ziwa usiku miaka mingi, ikapata jina la kwingine, na mkulima akapewa bei ya mtu asiye na mzani wake. Hapo shida haiko kwa mbegu. Iko kwa nani anapima, nani anaandika, na nani anasema hii ni kahawa ya wapi. Sheria yetu ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inataja mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Wangapi kati yetu tumeisoma?

Kijana mwenye lisansi hana hekta, na mzee mwenye hekta hana mrithi anayetaka jembe. Waliokuja mbele yetu kule Languedoc walianza na daftari ya mavuno na koperative ya kijiji. Hivyo viwili tunaweza kuvianza hata bila kusubiri Kinshasa: kila koperative tunayofanyia kazi iwe na mzani wake, na daftari ambalo mwanachama mwenyewe anaweza kufungua na kusoma.