Saa za Barafu: Wasichana wa Kanada na Mpira wa Magongo

Mapema mwaka 1956, viongozi wa ligi moja ya watoto mjini Toronto, Kanada, walikuwa wakikagua vyeti vya kuzaliwa vya wachezaji walioteuliwa kuunda timu ya nyota. Ligi hiyo ilikuwa ya mpira wa magongo wa barafuni. Cheti cha beki mmoja hodari kiliwashtua. Msimu mzima makocha, waamuzi na wazazi walimjua kama Ab Hoffman, mvulana mwenye nywele fupi asiyeogopa vikumbo. Cheti kilisema ni msichana, na jina lake kamili ni Abigail.

Alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Cheti hicho hicho alikuwa amekiwasilisha siku ya kujiandikisha, ila hakuna aliyekitazama vizuri. Alijiingiza kwa wavulana kwa sababu mtaani kwake hapakuwa na ligi ya wasichana, na kaka zake walikuwa wakicheza. Habari zake zilipojaa magazetini aliruhusiwa kumaliza msimu, akasifiwa nchi nzima, kisha mambo yakarudi pale pale. Kipaji chake akakihamishia kwenye riadha. Alikwenda Olimpiki mara nne kama mkimbiaji wa mita 800, na mwaka 1976 mjini Montreal ndiye aliyeibeba bendera ya Kanada. Mpira wa magongo ulimpoteza mwanamichezo wa kiwango hicho kwa hiari yake wenyewe.

Kisa cha Hoffman husimuliwa mara nyingi kana kwamba ndipo wasichana walipoanza kuupenda mchezo huu. Sivyo. Wakati huo walikuwa wameshaucheza kwa zaidi ya miaka 60.

Ipo picha ya mwaka 1890 hivi iliyopigwa Rideau Hall, makazi ya Gavana Mkuu mjini Ottawa. Wanawake kadhaa wako barafuni na magongo mkononi, na mmoja wao amevaa gauni jeupe: Isobel, binti wa Lord Stanley, Gavana Mkuu wa wakati huo na yule aliyetoa kombe ambalo wanaume wa ligi kuu wanalishindania hadi leo. Mwaka 1891 gazeti la Ottawa likaripoti mechi kati ya timu mbili za wanawake. Walicheza na sketi zinazofika kwenye vifundo vya miguu, na inasimuliwa kwamba baadhi yao walishonea vipande vya risasi kwenye pindo ili sketi itulie na kukizuia kisahani cha mpira mgumu, kile kinachopigwa kwa magongo, kisipenye langoni.

Vita Kuu ya Kwanza ilipowachukua wanaume, maelfu ya watu walilipa kiingilio kuwatazama wanawake. Mji mdogo wa Cornwall ulikuwa na binti aliyeitwa Albertine Lapensée, mfungaji asiyezuilika, kiasi kwamba wapinzani walianza kunong'ona kuwa ni mwanamume. Zingatia hilo. Mwaka 1916 msichana aliyecheza vizuri alishukiwa kuwa mvulana. Miaka 40 baadaye ilimlazimu msichana ajifanye mvulana ndipo acheze.

Hata vifaa vya mchezo vina alama ya mikono ya wanawake. Elizabeth Graham, golikipa wa Chuo Kikuu cha Queen's, alisimama langoni mwaka 1927 akiwa amevaa barakoa ya mchezo wa vitara. Makipa wa kiume wa kulipwa walichukua zaidi ya miaka 30 kuzoea wazo hilo.

Halafu wakaja Preston Rivulettes, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Preston ulikuwa mji wa viwanda katika jimbo la Ontario. Mabinti wa huko walikuwa na timu ya mpira wa gongo wa kiangazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaamua wasikae bure majira ya baridi. Hawakuwa na mshahara wala mfadhili mkubwa, na ulikuwa wakati wa mdororo wa uchumi. Wakiongozwa na Hilda Ranscombe, ambaye wengi waliomwona walimwita mchezaji bora wa kike wa zama zake, walitawala Kanada kwa karibu muongo mzima. Masimulizi ya mji yanasema walicheza mechi 350 na kufungwa mbili tu. Watafiti wanaitilia shaka hesabu hiyo, lakini hakuna anayetilia shaka ubabe wao. Vita Kuu ya Pili ikaivunja timu mwaka 1940. Baada ya vita viwanja vilirudi kwa wanaume na wana wao, na ndiyo maana Abigail Hoffman hakukuta ligi.

Asiyeujua mchezo huu anaweza kuuliza kwa nini wasichana hao hawakutafuta tu sehemu yao wakacheza. Jibu ni barafu yenyewe. Barafu ya ukumbini hugandishwa kwa mitambo inayokula umeme mchana na usiku, na baada ya kila kipindi cha dakika 20 sharti mashine ipite kuisawazisha. Uwanja ni mmoja, timu ni nyingi, na kila saa ina bei. Anayepanga ratiba ndiye anayeamua nani acheze. Jioni nzuri za Jumamosi zilikwenda kwa wavulana. Wasichana walipewa saa 12 alfajiri, au saa 4 usiku siku ya shule.

Na bado walikwenda. Ukimtazama binti wa miaka kumi alfajiri hiyo, utaona vidole vimekufa ganzi, mzazi amepiga magoti anavuta kamba za viatu zikaze mpaka kifundo kisicheze, na glavu za juzi bado zina unyevu. Dakika chache baadaye anashuka barafuni, anapiga hatua mbili tatu, na usingizi wote unamtoka usoni. Hakuna mkataba unaomngoja. Anacheza kwa kuwa anapenda.

Mwaka 1985 msichana mwingine wa Toronto, Justine Blainey, alifaulu majaribio ya timu ya wavulana, lakini chama cha mchezo huo jimboni kikamkatalia. Sheria ya haki za binadamu ya Ontario ilikuwa na kifungu kilichoruhusu ubaguzi wa kijinsia katika michezo. Akaenda mahakamani, na mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ya jimbo ikakifuta kifungu hicho. Haikuwa mwisho: hadi anaingia uwanjani kihalali ilikuwa mwaka 1988. Waliompinga hawakuwa wanaume peke yao. Chama cha wanawake cha Ontario, kilichoanzishwa mwaka 1975, nacho kilihofia kwamba wasichana bora wangehamia kwa wavulana na ligi zao zife. Naielewa hofu hiyo, lakini naona Blainey alikuwa na haki. Ligi hailindwi kwa kumfungia mtoto mlango wa pili.

Ligi hazikufa. Tayari mwaka 1982, kabla ya kesi hiyo, mashindano ya kitaifa ya wanawake yalikuwa yameanza, na kombe lake lilipewa jina la Abby Hoffman, yule yule Abigail. Machi 1990 Ottawa iliandaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake linalotambuliwa na shirikisho la kimataifa. Kanada walivaa jezi za waridi na kuifunga Marekani 5–2 katika fainali. Nyota wao alikuwa Angela James, binti mweusi kutoka Flemingdon Park, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Toronto: mabao 11 katika mechi tano. Mchezo ulipoingia Olimpiki mwaka 1998 huko Nagano, aliachwa nje ya kikosi, jambo ambalo mashabiki wengi hawajalisamehe. Mwaka 2010 yeye na Mmarekani Cammi Granato wakawa wanawake wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasichana na wanawake waliosajiliwa Kanada walikuwa takribani 8,000. Miaka 20 baadaye walizidi 80,000. Januari 2024 ikaanza ligi ya kulipwa ya wanawake yenye timu sita.

Afrika Mashariki nayo ina uwanja wa barafu, katika jengo la Panari jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, na ndio makao ya timu ya Ice Lions. Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa. Kwa wanaosimamia mchezo huo Nairobi nina ombi moja: wakati ratiba ingali changa na wanaoigombea ni wachache, wapangieni wasichana saa zao sasa, na ziwe za jioni.